Asiyesema Ndiyo Wala Hapana: Hesabu ya Kura za Kujizuia katika Mabaraza ya Serikali za Mitaa

Baraza la wajumbe 15 limeketi kuamua kama ushuru wa soko upandishwe. Wamehudhuria 11. Watano wanasema ndiyo, wanne wanasema hapana, wawili wanajizuia. Je, hoja imepita? Hakuna anayeweza kujibu kabla ya kusoma kanuni za baraza hilo. Kanuni ikitaka wingi wa kura zilizopigwa, kura ni tisa, tano zinatosha, na ushuru umepanda. Ikitaka wingi wa waliohudhuria, zinahitajika sita, na hoja imeanguka. Ikitaka wingi wa wajumbe wote, zinahitajika nane, na hoja imeanguka kwa umbali mkubwa zaidi. Katika hali zote tatu wale wawili wamefanya jambo lile lile: wamekaa vitini na kukataa kuchagua upande. Mara ya kwanza kimya chao hakikuwa na uzito wowote. Mara mbili zilizofuata kilifanya kazi ya hapana.

Kwa hiyo kuuliza kama kujizuia ni kukubali au kukataa ni kuanzia mahali pasipo na jibu. Nia ya mjumbe haiingii katika hesabu. Kinachoingia ni idadi ambayo kura za ndiyo zinalinganishwa nayo, na idadi hiyo huwekwa na sheria au kanuni za ndani kabla mtu yeyote hajainua mkono.

Mabaraza mengi, kwa mambo ya kila siku, hutumia kipimo cha kwanza, yaani kura zilizopigwa peke yake. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 122, inasema maswali bungeni yaamuliwe na wingi wa wabunge waliopo na wanaopiga kura. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 89, inasema hivyo hivyo. Sheria ya manispaa ya Ufaransa inahesabu kura zilizotolewa tu, na kanuni za Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa zinaeleza wazi kwamba anayejizuia achukuliwe kama hakupiga kura. Ubora wa kipimo hiki ni kwamba kinamwachia mjumbe nafasi ya kweli ya kutokuwa upande wowote. Ubaya wake ni kwamba uamuzi unaweza kupitishwa na watu wachache mno. Katika baraza la watu 15, wanane wakihudhuria na watano wakajizuia, wawili wanaweza kumshinda mmoja, na mji mzima ukalipa.

Kipimo cha pili, cha waliohudhuria, ndicho kinachozaa ugomvi mwingi, kwa sababu maneno yake hufanana sana na ya kwanza. “Wingi wa wajumbe waliopo” na “wingi wa wajumbe waliopo na wanaopiga kura” yanapishana kwa maneno machache tu, na maneno hayo ndiyo yanayoamua kama hoja ya ushuru imeishi au imekufa. Mwandishi wa kanuni anayenakili kifungu kutoka mahali pengine bila kukisoma taratibu anaweza kubadilisha utaratibu wa baraza zima bila kukusudia.

Kipimo cha tatu, cha wajumbe wote, huwekwa kwa mambo mazito: kumwondoa kiongozi, kubadili katiba, kuvunja ahadi ya muda mrefu. Hapa anayejizuia, aliyetoka nje, aliye mgonjwa hospitalini na anayepinga kwa sauti wote wako kundi moja, kwa kuwa hakuna aliyeongeza kura ya ndiyo. Sheria inawauliza wanaotaka mabadiliko kama wametimia, na haijishughulishi na wengine.

Mfano wa karibuni wa serikali ya mitaa ni wa kaunti ya Meru, nchini Kenya. Chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, gavana hushtakiwa na bunge la kaunti kwa theluthi mbili ya wajumbe wote, kisha Seneti huamua. Agosti 2024 kesi ya Gavana Kawira Mwangaza ilifika Seneti. Katika shtaka la kwanza maseneta 26 waliunga mkono, 4 walipinga, na 14 walijizuia. Kwa mambo ya namna hii katiba inazihesabu kaunti zote 47, kila kaunti kura moja, kwa hiyo kura 24 ndizo zilizohitajika. Mtu akitazama 26 kwa 4 ataona ushindi wa kishindo. Akitazama kwa kipimo cha sheria ataona kwamba ushindi ulipatikana kwa tofauti ya kura mbili tu juu ya kiwango. Wale 14 hawakuonekana kuwa wapinzani, wala hawakulazimika kujibu kwa wapiga kura wao kama wapinzani, lakini kila mmoja wao alikuwa na uzito sawa na kila mmoja wa wale wanne. Kama watatu zaidi wangejiunga nao kutoka upande wa ndiyo, gavana angebaki ofisini kwa shtaka hilo, akiwa ameokolewa na watu ambao hawakusema neno la kumtetea.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imeliweka jambo hili wazi kuliko majirani zake wengi. Kifungu cha 146 cha Katiba ya 2006, kinachohusu hoja ya kuiangusha serikali au kumwondoa waziri mmoja, kinaagiza kwamba zihesabiwe kura zinazounga mkono hoja peke yake, na kwamba hoja haipiti mpaka ipate wingi wa wajumbe wote wa Bunge. Kura za hapana hazina hata haja ya kuhesabiwa. Bunge lina viti 500, hivyo kiwango ni 251. Tarehe 27 Januari 2021, serikali ya Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga iliangushwa kwa kura 367, na wengi wa waliokuwa upande wake hawakujisumbua kuingia ukumbini. Hilo si uvivu, kwa kuwa palipo na kanuni ya namna hiyo anayepinga hafaidiki chochote kwa kuhudhuria, na kubaki nyumbani kunamtosha.

Kifungu cha 198 kinapeleka kanuni hiyo hiyo majimboni. Baraza la jimbo la Kivu Kaskazini lina viti 48, kwa hiyo hoja ya kumwondoa gavana au waziri wa jimbo inataka kura 25, hata kama waliohudhuria ni 30 na watano kati yao wamejizuia. Mtu wa Beni au Butembo, miji ya jimbo hilo, anayemsikia mjumbe wake akieleza kwamba hakupinga hoja, alijizuia tu, ana haki ya kuuliza: ilikuwa hoja ya aina gani?

Kongo yenyewe iliwahi kufaidika na kujizuia kwa wengine. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Julai 1960, wiki mbili baada ya uhuru, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 143, lililofungua njia ya kutuma kikosi cha kwanza cha Umoja huo nchini. Wakati huo baraza lilikuwa na wajumbe 11, na kura saba zilihitajika. Nane zilisema ndiyo, hakuna aliyesema hapana, na tatu zilijizuia: Ufaransa, Uingereza na China, zote zikiwa na kiti cha kudumu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 27, unataka ridhaa ya wajumbe wa kudumu. Anayeusoma neno kwa neno angeweza kusema kwamba mjumbe wa kudumu aliyejizuia hajaridhia, na azimio limeanguka. Lakini mazoea ya baraza yalikwisha kuamua kwamba kujizuia si kuzuia, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyathibitisha mazoea hayo katika maoni yake kuhusu Namibia mwaka 1971. Serikali tatu ambazo hazikutaka kuonekana zikiunga mkono, wala kubeba lawama ya kukwamisha, zilipata njia ya kati. Wanadiplomasia huitumia hadi leo, na madiwani pia.

Kuna mapokeo mengine yanayokwenda mbali zaidi, kwamba aliyekaa kimya amekubaliana na wengi. Chimbuko lake linalotajwa sana ni kesi ya mji wa Nottingham, Uingereza, ya mwaka 1760. Wapiga kura wa baraza la mji walikuwa 25, na 21 walifika kumchagua karani wa mji. Tisa walimpigia kura mtu mmoja. Kumi na wawili hawakumpigia yeyote, na 11 kati yao walilalamika kwamba uchaguzi haukupaswa kufanyika siku hiyo. Jaji Mansfield aliamua kwamba karani amechaguliwa kihalali, kwani aliyepo na asipige kura ni kama ameridhia chaguo la waliopiga. Tisa wakawashinda kumi na wawili. Kunyamaza ni kukubali, wasemavyo watu, ingawa ni vigumu kuona namna ambavyo waliolalamika kwa sauti wanaweza kuitwa wanyamavu. Funzo lililochukuliwa na mabaraza mengi yanayofuata sheria ya Kiingereza ni kwamba asiyetaka jambo lipite aseme hapana, asitegemee malalamiko.

Mbali na kuhesabu wingi, kuna kuhesabu akidi, na hapa kujizuia na kutoka nje vinaachana kabisa. Aliyejizuia yupo, na anaijaza akidi. Aliyeondoka anaipunguza. Katika baraza la watu 15 ambalo akidi yake ni wanane, wajumbe wanane wakiwa ukumbini na mmoja akatoka kwa hasira, kikao kimevunjika, hata kama saba waliobaki wana nia moja. Angejizuia akiwa kitini, saba wale wangepitisha jambo lao. Upande wenye wajumbe wachache una silaha mbili zisizofanana, na mara nyingi huchanganya. Husema “tumesusa” na kubaki vitini, kisha hushangaa uamuzi umepita na majina yao yameandikwa miongoni mwa waliohudhuria.

Washington ilishuhudia mvutano huo tarehe 29 Januari 1890. Kwa miaka mingi wajumbe wa upande wa upinzani katika Baraza la Wawakilishi walikuwa wakikaa ukumbini bila kuitika majina yao, ili kura zisifikie akidi. Spika Thomas Reed siku hiyo alimwagiza karani aandike majina ya waliopo wakakataa kupiga kura, awahesabu katika akidi. Mjumbe mmoja alisimama kupinga kwamba Spika hana haki ya kumhesabu kuwa yupo, na Spika akamuuliza kama anakana kwamba yupo. Mwaka 1892 Mahakama Kuu ya Marekani iliukubali utaratibu huo. Tangu hapo kanuni nyingi duniani zinahesabu akidi kwa watu walioko ukumbini, bila kujali walipiga kura au la.

Kuomba kurukwa ni jambo tofauti na kujizuia, ingawa vitabu vya kumbukumbu mara nyingi huvichanganya. Kunatokea pale tu ambapo kura inapigwa kwa kuita majina. Katiba ya Kongo inaitaja njia hiyo pamoja na nyingine: kuinua mkono, kusimama na kuketi, karatasi ya siri, au mtambo wa kielektroniki. Jina likiitwa, mjumbe anajibu ndiyo, hapana, najizuia, au anaomba arukwe. Aliyerukwa hajapiga kura na hajajizuia. Amesogeza zamu yake tu. Orodha ikiisha, karani huwarudia walioomba kurukwa. Akinyamaza tena, kanuni nyingi humwandika kuwa amejizuia, na nyingine humwandika kuwa alikuwapo bila kupiga kura. Kwa kipimo cha waliohudhuria tofauti hiyo haina athari. Mahali ambapo waliojizuia wanatakiwa kutaja sababu zao, kama ilivyo desturi katika Bunge la Ubelgiji, athari ipo.

Hila ya kuomba kurukwa ni kusikiliza kwanza. Anayejibu mwisho anajua hesabu ilipofikia, na anaweza kupanga kura yake kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa huanza kuita kwa jina lililochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, kisha hufuata alfabeti ya Kiingereza kutoka hapo. Katika Beni na Butembo alfabeti ingeleta upendeleo wa pekee. Wanande, wenyeji wa miji hiyo, huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: Paluku, Nzanzu au Mumbere kwa kifungua mimba wa kiume, Kambale kwa wa pili, Kasereka kwa wa tatu, Kakule kwa wa nne. Karani akiita kwa majina hayo, wale wa K watajibu mapema kundi kwa kundi, na akina Paluku, wazaliwa wa kwanza, watakaa mwisho wakisikiliza. Zaidi ya hilo, Kambale watakuwa wengi, na karani asiyeandika majina yote kwa ukamilifu hataweza kusema baadaye ni Kambale yupi aliyejizuia.

Katika kura ya siri hakuna anayesema “najizuia”. Kuna karatasi tupu na karatasi iliyoharibika. Ya kwanza huwa na maana, kwamba mpiga kura hakumtaka yeyote, na ya pili huwa kosa au kejeli. Lakini katika hesabu zote mbili hutupwa nje panapotumika kipimo cha kura zilizotolewa. Kongo iliingia katika jumuiya ya sheria za biashara ya OHADA mwaka 2012, na sheria yake ya makampuni inasema hivyo waziwazi kuhusu mkutano wa kawaida wa wanahisa: karatasi tupu hazihesabiwi. Wafanyabiashara wa Butembo walio na hisa katika kampuni wameizoea kanuni hiyo kuliko wanasiasa wao.

Kujizuia kunaweza pia kuzaa sare. Wajumbe 11, mmoja akijizuia, watano kwa watano. Nchini Uganda na Ubelgiji hoja imekufa. Spika wa Uganda hana hata kura ya kuivunja sare. Katika mabaraza ya Uingereza mwenyekiti ana kura ya pili ya kuamua, na katika manispaa za Ufaransa upande wa mwenyekiti ndio unaoshinda, isipokuwa kura ikiwa ya siri. Mjumbe anayejizuia katika baraza la namna hizi mbili za mwisho anamkabidhi mwenyekiti uamuzi.

Wapo pia wanaozuiwa na sheria. Mjumbe mwenye kibanda katika soko linalojadiliwa, au mwenye ndugu anayeomba kiwanja, hapaswi kupiga kura. Katiba ya Kenya inamkataza mbunge kupiga kura juu ya jambo lenye faida ya fedha kwake. Sheria ya komini ya Ubelgiji ilikwenda hadi kumtaka atoke katika mjadala. Hapa kipimo cha wajumbe wote kinaonyesha dosari yake: mjumbe mwaminifu aliyetoka kwa sababu ya masilahi anahesabiwa sawa na anayepinga, na katika baraza dogo watu watatu wenye masilahi wanaweza kulifanya jambo jema lisipite kamwe. Kanuni nzuri huwapunguza watu hao kutoka idadi inayolinganishwa, na hulisema hilo kwa maandishi.

Komini ya Mulekera, moja ya komini nne za mji wa Beni pamoja na Beu, Bungulu na Ruwenzori, bado haijapata nafasi ya kugombana juu ya haya. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa miji, komini, sekta na shefferi mabaraza ya kuchaguliwa, lakini uchaguzi wa washauri wa komini wa Desemba 2023 ulifanyika katika komini za miji mikuu ya majimbo tu. Tangu Mei 2021 jimbo la Kivu Kaskazini liko pia chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na watawala wa miji wamewekwa kutoka jeshi na polisi. Kura zinazopigwa Mulekera leo ni za kamati za wazazi shuleni, kamati za maendeleo za maeneo ya afya, na vyama vya ushirika. Humo wengi huafikiana bila kuhesabu, na mwenye shaka hunyamaza tu, bila mtu kuandika kwamba alinyamaza.

Siku baraza litakapoketi, maamuzi yake yatakuwa chini ya usimamizi wa gavana wa jimbo, kama sheria ile ya 2008 inavyotaka, na anayesimamia hakuwapo ukumbini. Atasoma muhtasari wa kikao. Muhtasari usemao “hoja imepitishwa kwa wingi” hauwezi kukaguliwa. Unaoweza kukaguliwa unataja idadi ya wajumbe wote, waliohudhuria wakati kura inapigwa (si wakati kikao kilipofunguliwa, kwa kuwa baadhi huwa wamekwenda), kura za ndiyo, za hapana, waliojizuia kwa majina yao kamili kura ikiwa ya wazi, karatasi tupu na zilizoharibika ikiwa ya siri, waliotoka kwa sababu ya masilahi, na kifungu cha kanuni kilichotumika kupima wingi.